Kibo, Mawenzi na Kanzu ya Yusufu



Mtoto wa Moshi hahitaji kitabu cha picha ili aelezwe kisa cha Kibo na Mawenzi. Mawingu yakifunguka alfajiri, wahusika wote wawili wamesimama mbele yake: Kibo mwenye kilemba cheupe, mita 5,895, na upande wa mashariki Mawenzi, mita 5,149, kichwa kimechongoka na kupasukapasuka. Wazee wa Kichagga wana sababu yake. Mawenzi alizimikiwa na moto, akaenda kwa nduguye Kibo kuomba kaa. Alimkuta akitwanga ndizi kavu. Akapewa moto na ndizi pia. Akarudi tena na tena, kwa hila, hata Kibo akachoka, akauinua mchi, akampiga nao.

Kisa hiki ni kizuri. Ni kifupi, kina watu wawili tu, kila tendo lina sababu yake, na ushahidi waonekana dirishani. Kasoro iko kwetu sisi wasimulizi. Twamaliza kwa kicheko, kisha twawaambia watoto wakalale. Usiku mmoja nilimwuliza mtoto wa miaka mitano amejifunza nini. Akajibu: "Ukiombwa sana, piga." Hakukosea, ndivyo alivyosimuliwa.

Mtoto mdogo hulishika tendo la mwisho, hasa likiwa na kishindo. Basi tumrudishe nyuma kwa maswali mepesi. Mawenzi alitaka nini? Mara ya kwanza alikuwa na haki ya kuomba? Na mara ya tatu je? Kibo angeweza kufanya nini kabla ya kushika mchi? Hapo atatambua kwamba mtu yule yule aweza kuwa karimu asubuhi na mkali jioni, na kwamba hila ya mmoja haihalalishi ghadhabu ya mwingine. Akikua ataambiwa pia kuwa Mawenzi ni volkano iliyozimika, ikaliwa na mvua na barafu kwa dahari nyingi. Kisa hakitaharibika kwa hilo.

Chuoni tunayo Sura ya Yusufu, aya 111, karibu yote kisa kimoja. Lugha si udhuru: Sheikh Abdullah Saleh Farsy alitutolea tafsiri ya Kiswahili mwaka 1969. Lakini mtoto hupotea katika urefu wake. Mpe kanzu aifuate. Ya kwanza imepakwa damu ya uongo na ndugu wenye husuda. Ya pili imeraruliwa kwa nyuma, ikamwondolea Yusufu tuhuma. Ya tatu yawekwa usoni mwa baba yake, naye akaona tena.

Kisha viweke visa viwili pamoja. Kibo alikuwa na uwezo juu ya nduguye, akapiga. Yusufu alikuwa na uwezo juu ya ndugu waliomtumbukiza kisimani, akasamehe. Mwulize mwanao angependa kuwa ndugu yupi. Usimjibie, ngoja.

Watoto ni amana, na kila kisa tunachowaachia ni sehemu ya malezi yao. Mwenyezi Mungu atujaalie tuitunze amana hiyo. Amin.