Ulirushwa au Ulianguka? Uhakiki wa Kata Guruma Isiyoshika Mguu

Mwaka jana, katika ukumbi mmoja hapa Kampala, nilisimama mikekani nikiwa mrushwaji wa rafiki yangu aliyekuwa akifanya mtihani wa mkanda wa judo. Alipotakiwa kuonyesha kata guruma, hakuifanya kama ilivyo kwenye picha iliyobandikwa ukutani. Aliifanya kwa namna yake, ile aliyokuwa akiniangusha nayo kila Jumamosi kwa miezi saba. Nilipoinuka, mtahini aliniuliza swali moja. Aliuliza kwa Kiingereza, nami nalileta hapa kwa Kiswahili: "Ulirushwa au ulianguka?" Nikajibu, "Nilianguka, sensei." Rafiki yangu hakupata mkanda, na tangu siku hiyo hajarudi mazoezini.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunafundishwa mapema tofauti ya kuanguka na kuangushwa. Kitenzi cha kwanza hakina mtendaji mwingine zaidi ya aliyeanguka. Cha pili kina mtu nyuma yake. Kwa jibu langu nilimfuta rafiki yangu katika tendo lake mwenyewe. Makala hii ni jaribio la kulijibu swali lile upya, safari hii kwa utulivu wa mhakiki. Nitaeleza kwanza asili ya mbinu hii, kisha umbo lake la kale, kisha umbo la rafiki yangu, na mwisho nitatoa hukumu, pamoja na kasoro ambazo sitazificha.

Jina kata guruma lina maneno mawili ya Kijapani: kata, yaani bega, na guruma, yaani gurudumu. Ni gurudumu la bega. Msomaji asilichanganye na neno jingine la Kijapani linalotamkwa hivyo hivyo, lenye maana ya mfululizo wa mbinu uliopangwa kwa ajili ya kufundishia. Sisi wenyewe tunayo kata yetu, ile ngata ya nguo au majani ambayo mchukuzi huiweka kichwani kabla ya kujitwika mzigo. Waganda huiita enkata. Maneno haya hayana undugu na lile la Kijapani, lakini nimeyataja kwa sababu. Mtu akitaka kuielewa kata guruma ya kale bila kufika kwenye ukumbi wa judo, aende soko la Nakasero alfajiri amtazame mchukuzi anavyouendea mkungu wa ndizi. Hauvuti kwa mikono. Anachuchumaa, anaingiza bega chini yake, anaukumbatia, kisha magoti ndiyo yanayoinuka na mzigo.

Ndivyo kata guruma inavyofanywa katika Nage-no-kata, mfululizo wa mbinu kumi na tano ambamo hii ni ya tatu. Mrushaji anarudi nyuma hatua kwa hatua akimvuta mwenzake. Katika hatua ya tatu anabadili mshiko wa mkono wa kushoto, anashuka, anaupitisha mkono wa kulia kwenye paja la mrushwaji na kulikumbatia, anamlaza mabegani, anasimama wima, kisha anamtupa mbele upande wa kushoto. Walimu wa judo hugawa kila mbinu katika sehemu tatu: kuvunja mizani ya mpinzani, kujiweka mahali panapofaa, na kutupa. Katika umbo hili sehemu zote tatu zinaonekana waziwazi, kama vipande vya ubeti wa tathlitha. Ndiyo maana linafaa kufundishia.

Lakini umbo hili lilitoka wapi? Kano Jigoro, aliyeanzisha Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, alieleza mwenyewe jinsi alivyolipata. Alipokuwa kijana akijifunza jujutsu, alikuwepo mwanafunzi mwenzake mkubwa wa mwili, Fukushima, ambaye alikuwa hamwezi kabisa. Akajaribu kwanza mbinu za sumo, hazikufaa. Akaenda maktaba kusoma vitabu vya mieleka ya nchi za Magharibi, na humo akakuta namna ya kumbeba mtu mabegani. Akaifanyia mazoezi, akarudi, akamwangusha Fukushima. Kwa hiyo mbinu ambayo leo inalindwa kama urithi mtakatifu ilianza kama kitu cha kuazima, kilichotolewa kitabuni na kijana mwembamba aliyechoka kushindwa. Kano aliichukua, akaiondolea yasiyomfaa, akaipa jina. Waliomwona siku ile ukumbini bila shaka hawakuwahi kuiona kabla yake.

Mbinu ikatulia. Mwaka 1920 Kodokan ilipopanga upya orodha yake ya mbinu arobaini, kata guruma iliwekwa katika kundi la tatu. Kisha, karibu karne moja baadaye, sheria ikabadilika. Mwaka 2010 Shirikisho la Kimataifa la Judo lilipiga marufuku kumshambulia mpinzani moja kwa moja kwa kumshika chini ya mkanda, na mwaka 2013 likaziba mianya iliyobaki. Mara ya kwanza adhabu ilikuwa kuondolewa pambanoni; baadaye ikapunguzwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba wachezaji walikuwa wakiinama na kurukia miguu kama wanamieleka, na judo ya kusimama wima ilikuwa inapotea. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tazama ilivyoifanyia kata guruma: ilikata mkono wa kulia wa mbinu. Mkono uliokumbatia paja ukawa hauna pa kwenda.

Hapa ndipo umbo la rafiki yangu linapoingia. Si yeye peke yake. Wachezaji wengi duniani walitafuta njia ya kuendelea kuitumia mbinu hii bila kugusa mguu, na njia zao hazifanani. Yake ilikuwa hivi. Mikono yote miwili ilishika mkono wangu mmoja, wa kulia: mmoja kwenye mkono wa judogi karibu na kifundo, mwingine juu ya kiwiko. Hakurudi nyuma hatua tatu. Alinisukuma kidogo, akangoja niusukume msukumo wake, kisha akatoweka. Kichwa chake kilipita chini ya kwapa langu, mgongo wake ukakaa mbele ya tumbo langu, goti la kushoto likagusa mkeka na mguu wa kulia ukanyooka kati ya miguu yangu. Wakati huohuo mkono wangu ulikuwa ukivutwa chini na kushoto, kama mtu anayevuta kamba ya kisima. Sikuinuliwa hata inchi moja. Nilikuwa nimesimama, kisha nikawa sina pa kusimama, kisha nikapinduka juu ya mabega yake nikatua kwa mgongo.

Tofauti kuu ni hii. Katika umbo la kale mrushaji anapanda na mzigo. Katika umbo hili mrushaji anashuka, na mzigo unamfuata. Nguvu iliyokuwa ikitoka magotini sasa inatoka katika kuanguka kwake mwenyewe. Mkono uliopoteza paja haukubaki bure. Uliongeza nguvu pale ambapo mwenzake ulikuwa tayari. Gurudumu bado lipo, na bega bado ndilo ekseli. Kilichobadilika ni kwamba gurudumu limeteremshwa likazunguka karibu na ardhi.

Pingamizi la kwanza la mtahini lilihusu jina. Alisema hii si kata guruma. Hayuko peke yake: wapo wanaoliita umbo la namna hii yoko otoshi, kwa kuwa mrushaji naye anakwenda chini. Msomaji wa makala hii atakuwa amekwisha kusikia mabishano yanayofanana na haya darasani. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na kwa wengi kitabu hicho kikawa kama picha ile iliyobandikwa ukutani. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani, na swali likawa lilelile: hili ni shairi au ni kosa? Wanamapokeo walisema ukiondoa vina na mizani hujabakisha shairi. Wanamabadiliko walisema uti wa mgongo wa shairi uko kwingine.

Sitaki kuusukuma mfano huu mbali kupita kiasi. Kezilahabi aliiacha arudhi kwa hiari yake. Rafiki yangu hakuuacha mguu kwa hiari, alikatazwa kuushika. Katika hili anafanana zaidi na mtunzi wa mapokeo mwenyewe, yule ambaye mizani inambana hadi anafupisha neno kwa inkisari au analirefusha kwa mazida ili mshororo ukae. Sheria ilimnyima silabi moja, akaisuka upya sentensi nzima ili maana ibaki. Mtu wa namna hiyo hawezi kuitwa mvunja sheria. Ni mtu aliyeitii kuliko wengine, kwa sababu aliitii bila kuiacha mbinu ife. Swali la kuuliza, basi, ni hili: kiini cha kata guruma ni kipi? Kama ni kukumbatia paja, mbinu hii ilikufa mashindanoni mwaka 2013. Kama ni kile ambacho jina lenyewe linasema, yaani mtu kuzungushwa juu ya bega, basi ingali hai, na nimeipitia kwa mwili wangu kila Jumamosi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ndilo lililofichwa ndani ya swali niliyoulizwa. Ikiwa mrushaji naye anaanguka, nani amemwangusha nani? Kwa mtazamaji aliyesimama kando, ilionekana kama watu wawili wamejikwaa pamoja. Hapa mrushwaji ana ushahidi ambao mtazamaji hana. Mtu anayeanguka mwenyewe huchagua, hata kama ni kwa nukta moja tu: hutanguliza mkono, hugeuza nyonga, hukunja goti. Mimi sikuwa na cha kuchagua. Mkono ambao ningeutanguliza ulikuwa umeshikwa kwa mikono miwili. Mguu ambao ningeupiga hatua mbele ulikuta mguu wake umelala njiani. Mizani yangu ilivunjwa kabla sijajua, wakati ule niliposukuma nikidhani ndimi niliyeanza. Waganda huita mieleka ekigwo, jina linalobeba kugwa ndani yake. Hata hivyo katika ekigwo hakuna anayemwuliza aliyeshindwa kama aligwa kwa ridhaa yake.

Hata hivyo mhakiki hana budi kutaja kasoro. Ya kwanza: umbo hili halina ulinzi wa mrushwaji. Katika umbo la kale mrushaji amesimama, anaweza kumshusha mwenzake kwa upole mazoezini. Katika hili wote wanakwenda chini, na shingo ya mrushaji iko chini ya uzito wa watu wawili. Mara mbili rafiki yangu aliumia shingo, nami nilimsihi aache. Ya pili: kwa kuwa hakuna kinachoushika mguu, mpinzani mwepesi anaweza kuuvuka mguu ulionyooshwa akatua kwa tumbo, na hapo hakuna pointi. Mpinzani mfupi aliyeshuka chini mapema haachi nafasi ya kuingia kwapani. Ya tatu: mbinu inategemea mshangao. Mimi niliyeijua niliangushwa kwa sababu alikuwa na subira ya kuningoja nikosee. Asiye na subira hiyo atapiga magoti mbele ya mpinzani wake na kuishia kukaliwa mgongoni. Umbo la kale linamfaa mwanafunzi wa kwanza. Hili linamfaa mtu aliyelielewa la kale, akajua kila kiungo chake kilikuwa na kazi gani.

Hapa lazima nimtendee haki mtahini. Mtihani ule haukuwa pambano. Uliombwa uonyeshe umbo la kufundishia, na katika Nage-no-kata paja linashikwa hadi leo, maana makatazo ya mashindano hayakuufikia mfululizo huo. Mwanafunzi aliyeagizwa atunge tarbia akileta shairi huru, hata liwe zuri namna gani, hajajibu swali. Kwa hiyo kumnyima mkanda siku ile kulikuwa na msingi. Ambacho hakikuwa na msingi ni kuiita kazi yake kosa, kisha kutafuta shahidi wa kuthibitisha kwamba haikutokea. Angeweza kumwambia, "Hii tumeiona. Sasa tuonyeshe ile." Maneno matano tu, na huenda rafiki yangu angekuwa bado anakuja Jumamosi.

Nami ningeweza kusema neno moja tofauti. Nilikuwa na sababu zangu: mtihani wangu ulikuwa unafuata, na kwa mtahini yuleyule. Nilipata mkanda. Nilishika paja vizuri sana, hatua tatu, kama picha ukutani. Nimeuvaa tangu wakati huo, na kila ninapoufunga nakumbuka nani aliyenifundisha kwa nini paja linashikwa, kwa kunionyesha linavyoweza kuachwa.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba umbo la rafiki yangu ni kata guruma, lenye hatari kuliko la kale, lisilofaa kwa wanaoanza, na lenye akili ndani yake ambayo haionekani kwa anayetazama mikono badala ya mizani. Na swali niliyoulizwa nalijibu sasa katika kauli inayostahili: sikuanguka, sensei. Niliangushwa. Nakala ya makala hii nitampelekea rafiki yangu kabla haijafika kwa wahariri, kwa kuwa yeye ndiye aliyestahili kulisikia jibu hili kwanza.