Huyo Analia Nini?

Shangazi yangu, hapa Kawajense, aliisikia albamu ya Duma kupitia dirishani akiwa anapepeta mchele uani. Akasimamisha ungo, akauliza: "Mwanangu, huyo analia nini?"

Nimesoma tahakiki nyingi za albamu hiyo. Sijakutana na swali linaloishinda hilo.

Duma ni vijana wawili wa Nairobi: Martin Khanja, mwenye sauti, na Sam Karugu, mwenye gitaa na midundo. Kabla ya hapo walipitia bendi za metali za huko huko, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Albamu yao ya kwanza, yenye jina lao, waliirekodi Kampala mwaka 2019, ikatolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes Agosti 2020. Sisi tukisikia duma tunamwona mnyama mwenye mbio. Wao jina walilitoa kwenye Kikuyu, kwa maana ya giza. Mbio zimo, giza limo. Mpiga ngoma hayupo: biti za kompyuta zinakimbia kuliko mikono ya mtu, gitaa linakwaruza kama msumeno kwenye bati, na juu yake Khanja anapiga mayowe mpaka maneno yanapotea.

Wahakiki wa Ulaya na Marekani waliisifu. Lakini katika nyingi ya sifa nilizosoma, mshangao ulitangulia: kumbe hata Afrika kuna metali kali! Huko ni kumpongeza mgeni kwa kufika, bila kumuuliza amekuja na nini.

Huku kwetu, binamu yangu wa bodaboda alisikiliza kama dakika moja, akaona wimbo unaitwa "Pembe 666", akanirudishia simu. "Kaka, hizi ni kelele za shetani." Akawasha pikipiki, na spika yake ikaendelea na singeli.

Nilicheka, kisha nikajiuliza. Singeli nayo ina kasi ya kutisha, midundo zaidi ya 200 kwa dakika, na ilipokuwa inakua uswahilini Dar es Salaam wengi waliiita kelele za wahuni. Tena lebo ile ile ya Kampala ndiyo iliyotoa mkusanyiko wa singeli, Sounds of Sisso, mwaka 2017. Kwa hiyo binamu hakimbii kasi. Singeli inamtania, inamsimulia mtaa, inampa pa kuingilia. Duma wamefunga mlango, na anayegonga hajibiwi. Hiyo ni hoja, si ushamba, na mimi ninayeipenda albamu hii nakubaliana nayo nusu. Kufikia nyimbo za mwisho mayowe yanaanza kufanana. Hasira haikui, inajirudia.

Nusu nyingine nilipewa na shangazi. Nilimjibu kwamba sijui analia nini, maneno hayasikiki. "Msibani nako maneno hayasikiki," akasema, "lakini aliyefiwa unamjua." Akasikiliza wimbo mpaka mwisho, ndipo akaniomba nipunguze sauti.

Tangu siku hiyo naisikiliza kama kilio, na kama kilio imesimama. Hakuna anayemdai mfiwa sentensi zilizonyooka. Anachodaiwa ni ukweli, na sauti ya Khanja haina hata chembe ya kuigiza.

Mwaka 2024 Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept, kwa kumuenzi Muthoni wa Kirima, bibi wa ukoo wake aliyepigana msituni na Mau Mau akafikia cheo cha jemadari mkuu. Muthoni alifariki mwaka 2023. Sisemi kwamba mayowe ya 2020 yalikuwa yake. Ila safari hii aliyeliliwa ana jina, na ndicho nilichokikosa kwenye ile ya kwanza.

Nilimsimulia shangazi habari za Muthoni. Akanitazama kama niliyemficha jambo. "Ungeanza na hilo," akasema. "Hebu iweke tena."