Heko Wachimbaji wa Fanya Juu
Kabla mvua za Machi hazijagonga miteremko ya Embu na Meru nchini Kenya, kuna watu walio shambani tayari na jembe, kamba na pimamaji. Hao ni wachimbaji wa matuta ya fanya juu, nami nawapa mkono wa pongezi.

Jina lenyewe linaeleza kazi: mtaro huchimbwa kukingama mteremko, udongo ukatupwa upande wa juu uwe tuta. Kamba hunyooshwa kwanza kati ya fito mbili, mtaro usiiname popote. Juu ya tuta hupandwa nyasi za nepia: mizizi hushika udongo, majani hulisha ng'ombe. Maji yaliyokuwa yakiporomoka hutulia, huacha tope, huzama ardhini. Mwaka baada ya mwaka, shamba hugeuka ngazi.

Faida haiishii hapo. Mto Rupingazi wa Embu huingia Mto Thiba, na Thiba humimina maji yake katika bwawa la Kamburu, linalozalisha umeme tangu miaka ya 1970. Udongo unaobaki chini ya mibuni haulijazi bwawa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ninyi mmeziba ufa kwa jembe, na mto unaoteremka ukiwa safi ndio ushahidi wenu.