Rangi kwenye Jino la Krauni

Pikapu ikishindwa kupanda mlima wa Lushoto kutoka Mombo, wa kwanza kulaumiwa ni injini. Nozeli zinasafishwa, pampu inapelekwa kupimwa, mwenye gari anatoa hela na gari linabaki lile lile. Matairi hayaulizwi. Toyota Hilux ya zamani iliyozoea tairi za 225/75 rimu 15, zenye kipenyo cha milimita 719 hivi, imevalishwa za inchi 33, yaani milimita 838, kwa ajili ya matope na, tuseme ukweli, kwa ajili ya kupendeza. Kwa hiyo gia zote zimekuwa nzito kwa zaidi ya asilimia 16, na giaboksi hakuna aliyeigusa.

Dawa ya ugonjwa huo iko kwenye difu. Ikiwa krauni, ile gia kubwa ya ndani, ina meno 41, na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, ina 10, uwiano ni 4.10. Ukizidisha kwa ukubwa ulioongezeka wa tairi unapata 4.78, na seti iliyo karibu na hapo ni ya meno 39 kwa 8, ambayo mafundi huiita 4.88. Ziada ile ndogo inasaidia mzigo wa simenti. Hata spidomita, iliyokuwa inasema uongo tangu tairi zibadilishwe, inarudi karibu kabisa na ukweli. Wapo wanaotaka kwenda mbali zaidi, hadi 37 kwa 7. Mimi ningewazuia: meno ya pinioni yakipungua, kichwa chake kinakonda, na ndicho kinachobeba kila kitu.

Hizo namba nazo hazikuokotwa. 39 na 8 hazina kigawanyo cha pamoja zaidi ya moja, kama ilivyo kwa 41 na 10, hivyo kila jino la pinioni hukutana na kila jino la krauni kabla ya mzunguko kurudia. Kasoro ya jino moja inagawanywa kwa yote. Ingekuwa 40 kwa 10, meno yale yale yangesuguana maisha yao yote.

Kununua seti ni kazi ya pesa tu. Kuifunga ndiko kunakomtofautisha fundi na mfungua nati, na mimi huweza kukaa kwenye benchi la gereji asubuhi nzima nikitazama mikono ya mtu anayejua difu. Namfahamu mmoja, Korogwe, ambaye haanzi kwa spana. Anaanza kwa kusoma namba iliyochongwa kwenye krauni na ile ya pinioni, maana vyuma hivyo vilisagwa pamoja kiwandani na havichanganywi na vya seti nyingine. Kisha anapiga alama kwa sentapanchi kwenye vile vifuniko viwili vinavyoshika beringi za pembeni, kushoto nukta moja, kulia mbili. Vilichongwa vikiwa vimefungwa kwenye nyumba yake. Ukivibadilisha upande, beringi haitakaa sawa tena.

Uzuri wa Toyota ni kwamba difu inatoka nzima kwa mbele na kazi inafanyika mezani. Krauni mpya haigongwi kwa nyundo. Inachemshwa. Sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, krauni ndani hadi maji yatokote, inatolewa kwa koleo, inaachwa sekunde chache unyevu ukauke, halafu inadondoka mahali pake kwa uzito wake tu, maana chuma kikipata joto hutanuka. Bolti zinakazwa ikishapoa, kwa kuvuka kutoka upande hadi upande. Mpita njia akiiona ile sufuria atadhani ni chai ya mafundi. Kitabu cha Toyota chenyewe kinaagiza hivyo hivyo.

Baada ya hapo inakuja pinioni, na hapa ndipo wengi wanapokimbia. Kina chake, yaani inavyoingia ndani kuelekea krauni, kinaamuliwa na washa moja nyembamba iliyokaa kati ya kichwa cha pinioni na beringi. Beringi hiyo inaingizwa kwa presi. Kila ukitaka kubadili washa, uing'oe, na ukiing'oa vibaya umeiua. Yule wa Korogwe anayo beringi kuukuu aliyoisaga tundu lake hadi inateleza kwa kidole. Anajaribia hiyo. Washa akizibadili mara tano, beringi mpya bado iko kwenye karatasi yake. Kifaa hicho hakiuzwi dukani, amejitengenezea mwenyewe, na kwangu kinanitosha kumwamini.

Ili ajue kina ni sahihi, anapaka rangi ya njano kwenye meno matatu manne ya krauni, anaizuia krauni kwa tambara ili iwe nzito kuzunguka, anazungusha pinioni mbele na nyuma, kisha anainama. Meno yamegusana wapi? Alama ikiwa juu kwenye ncha ya jino, pinioni iko mbali, washa nene zaidi inahitajika. Ikizama chini kwenye shina, pinioni imeingia mno. Ikikimbilia mwisho wa nje au wa ndani wa jino, krauni yenyewe inasogezwa kwa nati za pembeni. Na kila akisogeza anapima plei, ule uwazi mdogo kati ya meno, kwa geji ya mshale: kwenye difu hii ya inchi 8 inatakiwa kati ya milimita 0.13 na 0.18. Ukiwa umetulia unaweza kuisikia kwa vidole, mgongano mdogo tu, tik. Yeye anaisikia kwanza, halafu geji inamuunga mkono.

"Fundi, si imeshakaa?" mwenye gari anauliza, jua limeshapinda.

"Haijakaa, bosi." Na anafungua tena.

Meno haya yana mkunjo wa ajabu. Pinioni hailengi krauni katikati. Inaishika chini ya kitovu, na hivyo meno yanaviringika na kuteleza kwa wakati mmoja. Mashine za kuyachonga zilitengenezwa na Gleason wa Rochester, New York, na kampuni ya magari ya Packard ilikuwa ya kwanza kuyaweka barabarani miaka ya 1920. Yalishusha propela na kutuliza kelele, lakini ule mtelezo hukata oili ya kawaida. Ndiyo maana difu inadai oili ya 90 ya daraja la GL-5, ile yenye harufu ya kiberiti. Anayeweka oili ya injini kwa sababu ilibaki kwenye kopo amemchoma fundi wake.

Alama ikishatulia katikati ya jino, beringi mpya zinaingia, pamoja na bushi laini inayobonyea nati ya pinioni inapokazwa. Hapo panahitaji bomba refu na pumzi. Nati inakazwa kidogo, pinioni inazungushwa, uzito wake unapimwa kwa kamba na mzani wa springi. Inakazwa tena nukta moja. Ukipitiliza, usirudishe nati. Bushi imeshabonyea, inatupwa, unaanza na nyingine. Nimeona watu wakirudisha nati huku wakitazama pembeni, na magari yao nimeyasikia yakilia kutoka mtaa wa pili.

Gari likishatoka halipewi mzigo mara moja. Safari za kwanza ni fupi, kilomita 20 au 30, kisha linaachwa lipoe, na oili inamwagwa baada ya kilomita 800 hivi.

Bado kuna difu ya mbele, kwa sababu gari linalovuta kwa magurudumu yote manne haliwezi kuwa na uwiano mmoja nyuma na mwingine mbele, litajipasua lenyewe. Kwenye Hilux zenye ekseli nzima mbele, seti ni ya aina ile ile, ila imegeuzwa, na gari likienda mbele nguvu inasukuma upande wa pili wa jino. Kwa hiyo fundi akishapaka rangi huko, alama anayoisoma kwa makini ni ile ya mgongoni, ambayo kwenye difu ya nyuma aliitazama mara moja tu na kuipita.