Kufyonza na Kunasa: Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Kemia

Imetufikia rasimu ya maelezo ya somo iliyotayarishwa kwa ajili ya walimu wa sayansi wa shule za sekondari mjini Bariadi, mkoani Simiyu. Yaeleza kazi ya wanakemia watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025: Susumu Kitagawa wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Richard Robson wa Chuo Kikuu cha Melbourne, na Omar Yaghi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Nia ya mtayarishaji ni njema, na Kiswahili chake kwa jumla chasomeka vizuri. Masomo ya sekondari huandikwa kwa Kiingereza, lakini kila mwalimu ajua kwamba fundo la somo hufunguliwa kwa Kiswahili. Neno likikosewa hapo, mwanafunzi hana pa kukimbilia.

Rasimu yasema kwamba wataalamu hao walitengeneza "sponji hai ya chuma inayofyonza hewa". Katika kifungu hicho hakuna nomino, kivumishi wala kitenzi kilichokaa mahali pake.

Tuanze na "hai". Bila shaka mtafsiri ameliazima kutoka katika kilimo. Wilayani Meatu, katika mkoa huo huo, pamba ya kilimo hai imelimwa tangu miaka ya 1990, na kila mkulima aelewa kuwa maana yake ni pamba isiyotiwa mbolea wala dawa za viwandani. Lakini mwanakemia atumiapo neno hilo la Kiingereza husema habari za misombo ya kaboni, iwe imetoka shambani au kiwandani. Kitu anachokisema hakina uhai wowote. "Chuma" nacho ni metali moja tu. Robson, katika kazi yake ya mwaka 1989, alitumia shaba; Yaghi, katika kiunzi chake mashuhuri cha mwaka 1999, alitumia zinki. Isitoshe, msomaji wa Bariadi akisikia "sponji ya chuma" atafikiria kile kisuguo cha kusugulia masufuria.

Kuhusu "hewa" hatutakawia. Tunavuta hewa, na hewa ni mchanganyiko wa gesi. Twafahamu kuwa "hewa ukaa" imekwisha kuzoeleka katika nyaraka za serikali kuhusu tabianchi, wala hatuna haja ya kuing'oa huko. Katika somo la kemia iandikwe gesi ya kabonidioksidi.

Tatizo kubwa ni "kufyonza". Mbu hufyonza damu, mzizi hufyonza maji, na pamba ikitumbukizwa majini hulowa hadi ndani. Gesi iliyomo katika chupa ya soda imefyonzwa na maji: imeenea katika maji yote. Sasa tutazame mkaa unaowekwa karibu na kitu chenye harufu. Harufu haiingii katika mwili wa mkaa na kuyeyuka humo. Chembe zake hushikwa juu ya kuta za vitundu visivyohesabika vilivyomo ndani ya mkaa. Hizo ni dhana mbili, nasi twaziita kwa jina moja.

Wenzetu wa Ulaya nao walikuwa na shida hiyo. Mwaka 1881 mwanafizikia Mjerumani Heinrich Kayser alichapisha neno jipya kwa ajili ya dhana ya pili, neno alilopendekezewa na Emil du Bois-Reymond. Neno hilo latofautiana na la kwanza kwa herufi moja tu, b ikigeuka d, na tangu hapo wanafunzi wa lugha nyingi wamekuwa wakiyachanganya. Wako wanaotaka tuseme "absopsheni" na "adsopsheni" tumalize kazi. Kwa mtaalamu yatosha. Kwa darasa lenye wanafunzi wengi, mwalimu akiwa amegeukia ubao, herufi hiyo moja haitasikika.

Sisi twapendekeza kunasa, na nomino yake unasaji. Ndege hunaswa na ulimbo. Hakuna asemaye kuwa amefyonzwa nao. Kitenzi hiki kimekwisha kutumika katika ufundi, kama katika "kinasa sauti". Tulifikiria pia kuambata, lakini maofisini "kiambatanisho" kimekwisha kushika njia yake, na mnato una maana yake katika fizikia. Wapo watakaosema kwamba kilichonaswa hakitoki. Mtego huteguliwa, na ndivyo ilivyo hapa: gesi hunaswa kwa baridi au kwa mgandamizo mkubwa, na huachiwa joto likipanda au mgandamizo ukipungua. Mwaka 1997 Kitagawa alionyesha kwamba gesi zaweza kuingia na kutoka bila umbo kubomoka.

Kwa hiyo "sponji" nayo haifai, maana sponji hukamuliwa. Mwaka 2018 Yaghi na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio katika jangwa la Arizona: unga wa aina hii ulinasa mvuke usiku, na joto la jua likauachia mchana ukawa maji. Habari kama hiyo ikifika Simiyu, ambako ukame si hadithi, diwani akaisoma kwa jina la "sponji inayofyonza maji", atauliza kwa haki kabisa inakamuliwa na mashine gani, na bei yake ni kiasi gani.

Jina twaonalo linafaa ni kiunzi cha metali na kaboni. Mwalimu aifikirie nyumba ya fito kabla haijakandikwa udongo. Mafundo ya kamba ndiyo ayoni za metali, fito ndizo molekuli za kaboni, na nafasi zilizobaki wazi ndimo gesi inamokaa. Ukirefusha fito, vyumba vinapanuka. Gramu chache za kiunzi cha mwaka 1999 zina eneo la kuta linalolingana na uwanja wa mpira, jambo ambalo sponji haiwezi kulieleza hata kidogo.

Limebaki jina la vile vitundu. Mtayarishaji ameandika "vinyweleo", nasi hatujaafikiana. Wapo miongoni mwetu wanaoona kuwa neno hilo ni la ngozi na liachiwe biolojia. Wengine wasema "kitundu" ni jepesi mno kwa kitu kisichofikia hata nanomita mbili. Walimu wa Bariadi watuandikie wanasemaje darasani.