Mnyoosha nyaraka za poti ya siriali

Fundi wa Nyasura, Bunda, akiletewa ruta inayowasha taa moja na kukataa kila kitu kingine, haanzi kwa kubahatisha. Anafungua kifuniko na kutafuta vitobo vitatu au vinne vilivyopangwa mstari kwenye bodi. Hiyo ndiyo poti ya siriali. Akichomea nyaya tatu, wa kutuma, wa kupokea na wa ethi, kisha akaziunganisha na laptopu, ruta inaanza kueleza kwa maandishi inaumwa wapi.

Lakini kerneli ya Linux iliyomo ndani itaeleza tu ikiwa inajua poti ilipo. Flashi ya USB ukiichomeka hujitambulisha yenyewe, lakini chipu iliyochomewa kwenye bodi haijitambulishi. Lazima mtu aiandikie kerneli orodha: chipu fulani iko anwani fulani, inaishtua prosesa kwa mstari fulani, saa yake inapiga mara kadhaa kwa sekunde. Orodha hiyo huitwa mti wa vifaa. Asili yake ni Open Firmware, mfumo uliowekewa kiwango cha IEEE 1275 mwaka 1994, na bodi za ARM zilianza kuhamia huko kwa wingi baada ya 2011, pale Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipochoshwa na fujo ya msimbo wa kila bodi kivyake.

Kanuni za kuandika mti huo zilikaa miaka mingi kwenye mafaili ya maandishi ya kawaida, kwa Kiingereza cha haraka haraka. Binadamu aliyasoma, mashine haikuyasoma. Ukikosea herufi moja katika jina la sifa, yaani kipengele kimoja cha orodha, kompaila ililipokea jina hilo bila neno, na poti ikabaki bubu. Unaweza kumaliza siku nzima ukishuku waya.

Mwaka 2018 Rob Herring, mmoja wa wasimamizi wa mti wa vifaa katika Linux, alianza kuingiza utaratibu mwingine: kila waraka uwe skima, faili la YAML ambalo programu inaweza kulipima na kusema hili sawa, hili hapana. Utaratibu ni mzuri, ila nyaraka za zamani zilikuwa maelfu, na mashine peke yake haikuweza kuzigeuza sawasawa. Nyingi zimegeuzwa kwa mkono, moja moja. Kumbukumbu zote za mabadiliko hayo ziko wazi. Mtu wa Bunda mwenye intaneti anaweza kufungua badiliko lolote na kufuata mstari kwa mstari kilichotolewa na kilichowekwa. Mimi hupenda kufuata yale ya folda ya siriali, kwa kuwa poti ya siriali ni kifaa kidogo kinachoonekana hakina siri.

Waraka wa 8250 ni mfano mzuri. Chipu yenyewe ilitengenezwa na National Semiconductor na ilitumika kwenye kadi ya siriali ya kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Ukoo wake umeenea hadi kwenye ruta za leo, na waraka wake uligeuzwa kuwa skima mwaka 2020.

Anayegeuza waraka wa namna hii, mnyoosha nyaraka, haanzi kwa kuandika. Anasoma sehemu nne kwa pamoja: waraka wa zamani, kitabu cha chipu kutoka kiwandani, msimbo wa draiva, na miti ya bodi zote zinazoitumia. Ni nadra zote nne kukubaliana. Waraka unaweza kutaja sifa ambayo hakuna bodi inayoitumia, huku bodi kadhaa zikitumia sifa ambayo waraka haukuwahi kuitaja.

Kisha anachambua, kama mkulima wa pamba anavyotenga safi na fifi kabla ya kupeleka mzigo kwenye mizani. Kinachohusu chipu yenyewe kinabaki. Kinachohusu tabia ya draiva ya Linux kinatupwa, hata kama kiliandikwa kwa ufasaha, maana mti wa vifaa unaeleza chuma, na chuma hicho kinaweza kuendeshwa kesho na mfumo mwingine kabisa.

Sasa anaandika. Juu kabisa inakaa leseni, na hapo tayari kuna mtego: skima mpya hutakiwa kuwa na leseni mbili, GPL na BSD, wakati maandishi ya zamani mara nyingi yalikuwa chini ya GPL peke yake. Akitaka kunakili aya nzima, inabidi awatafute walioiandika awaombe ridhaa. Wengine huona heri kuandika upya kwa maneno yao.

Halafu sifa, moja baada ya nyingine. Chukua reg-shift. Rejista za 8250 zina anwani nane, na katika chipu ya asili zilifuatana baiti kwa baiti. Kwenye bodi nyingi za siku hizi zimeachana baiti nne nne, na hapo thamani ya reg-shift ni 2, yaani anwani husogezwa biti mbili. Au chukua clock-frequency. Saa ya kawaida ya zamani ilikuwa mapigo 1,843,200 kwa sekunde. Gawa kwa 16 unapata 115,200, kasi ambayo mafundi wengi huijaribu kwanza. Gawa tena kwa 12, unapata 9,600. Saa ikiandikwa vibaya, herufi zinatoka takataka tupu. Kwa hiyo saa haiachwi ielee: skima inadai itajwe.

Lakini itajwe vipi? Waraka wa zamani ulisema iwepo clock-frequency au kiungo cha saa nyingine ya bodi. Binadamu alipita hapo bila kusimama. Mnyoosha nyaraka anasimama, kwa sababu skima ina oneOf, moja tu na si zaidi, na ina anyOf, angalau moja. Akikosea, bodi iliyo sahihi itaambiwa imevunja kanuni. Anarudi kwenye draiva, anarudi kwenye bodi, ndipo anachagua. Mistari mitatu ya YAML, na huenda asubuhi yote imeishia hapo.

Mwisho wa sifa anafunga mlango: unevaluatedProperties: false. Kuanzia hapo jina lisilotajwa halipiti, na ile herufi moja iliyokosewa inakamatwa mezani. Chini anaweka mfano mmoja wa bodi na kuendesha amri ya make dt_binding_check, inayopima skima na mfano wake. Nafasi ikizidi moja mahali pasipotakiwa, skima inarudi. Wasimamizi nao husoma na kurudisha. Toleo la pili, la tatu. Majibu ya mnyoosha nyaraka huwa mafupi: amebadilisha hiki, ameondoa kile.

Skima ikipita, inabaki make dtbs_check, inayoipima dhidi ya miti ya bodi zilizopo. Hapa maonyo humwagika. Kanuni ya pamoja ya siriali inataka nodi, yaani fungu la kifaa ndani ya mti, iitwe serial@ ikifuatiwa na anwani, na miti mingi ya zamani iliandika uart@. Kosa si lake, na bodi hizo zilikuwa zinafanya kazi. Hata hivyo anafungua mti wa kwanza, anarekebisha jina, anaandika sentensi mbili za kueleza sababu, anampelekea msimamizi wa bodi hiyo, kisha anafungua unaofuata.