Kikapu cha Masurufu

Asubuhi moja ya mwezi wa Disemba, pale Lanet ambapo barabara kuu itokayo Nairobi hukaribia kuingia mji wa Nakuru, nilisimama kando ya njia nikingoja gari, nikamwona bibi mmoja mtu mzima ameketi juu ya mzigo wake, na mbele ya miguu yake pana kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe kilichofuliwa na kupigwa pasi. Abiria walikuwa wengi, kwa kuwa yalikuwa majira ya watu kurudi makwao, na wote walikuwa na simu mkononi. Lakini miongoni mwao hapakuwa na mwingine aliyechukua chakula. Bibi yule akafunua pembe ya kitambaa, akatia mkono mpaka chini, akagusa kitu fulani polepole, kama mzazi ahakikishaye kwamba mtoto amelala, akafunika tena. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwuliza aendako, akasema, "Mbali kidogo, baba." Sikumwuliza zaidi, wala haikuwa haja, maana katika lahadhi ile ya kufunuliwa kitambaa nilikuwa nimekwisha kuona viazi viko juu, chapati ziko kati, na vipande vya mkate mkavu viko chini kabisa. Nikajua kwamba anakwenda pwani.

Wazee wetu walikiita chakula cha namna hii masurufu, neno ambalo siku hizi halisikiki sana midomoni mwa vijana, na mimi nachelea kwamba neno likipotea, na ustadi uliobebwa na neno hilo hautakawia kulifuata. Kufunga masurufu ni kazi ya mkono na ya akili pamoja, yenye kanuni zake na mafundi wake, na ambaye hakupata kumwona fundi wa kazi hii hudhani kwamba ni ubahili wa maskini aliyeogopa bei ya hoteli. La. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya msafiri huoza, na huoza kwa saa, na hapo ndipo elimu yote ya kikapu inapoanzia.

Nyanya yangu, ambaye ndiye fundi niliyemjua mimi, alizaliwa Mombasa akaletwa bara na mume wake aliyekuwa kibarua wa njia ya reli. Alifika Nakuru akiwa msichana, akaishi katika landi za reli, kisha akahamia Lanet na kumaliza umri wake huko, na mambo mawili ya nchi hii ya juu yalimshangaza tangu siku ya kwanza. La kwanza ni kwamba maharagwe hayaivi upesi: Nakuru iko kiasi cha mita 1,850 juu ya bahari, na maji huku huchemka kabla hayajapata moto wa pwani, kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100, kwa hiyo chungu hutokota kwa kelele nyingi na kazi ndogo. La pili ni kwamba chakula kilichopikwa hulala siku mbili bila kuchacha, jambo ambalo kwao ni muhali. Hakusoma sababu zake katika kitabu chochote, bali alizichukua sababu hizo zikiwa zimejificha ndani ya vitu, akazitia katika kikapu chake.

Kwa maana safari ya kutoka Lanet kwenda Mombasa, kwa mtu aitazamaye kwa jicho la mfungaji masurufu, ni safari ya kutoka katika baridi kwenda katika joto. Gari la moshi lilipita Mbaruk na Gilgil, likafika Naivasha, likapanda Kijabe mpaka Limuru ambako watoto tulijikunja ndani ya kanga za mama zetu. Na mpaka hapo, alisema nyanya, baridi ni rafiki yako, inakutunzia chakula bure. Nairobi tulishinda stesheni kungoja gari la usiku. Baada ya hapo njia huteremka, na kufika Mtito Andei usiku ule joto limekwisha kuingia behewani, na kufika Voi kila kilichokuwa na maji ndani yake kimeanza kubadilika harufu. Basi alipanga kikapu kama reli ilivyopangwa, stesheni juu ya stesheni. Viazi vitamu vya kuliwa kabla ya Naivasha vilikaa juu. Chapati za stesheni ya Nairobi zilifuata. Mayai ya usiku yakawa chini yake. Na chini ya vyote mkate mkavu wa alfajiri ya Mazeras, unaotafunwa huku minazi inaanza kuonekana dirishani.

Naukumbuka usiku wa kufunga kuliko safari yenyewe. Alianza baada ya isha, sisi tukiwa tumeamriwa kulala na hakuna aliyelala. Viazi alivichemsha na maganda yake bila chumvi, kwa kuwa chumvi, alisema, hukifanya chakula kitoe jasho. Chumvi ilifungwa peke yake katika kipande cha karatasi pamoja na pilipili iliyosagwa. Majani ya mgomba aliyapitisha juu ya moto mpaka yakalegea na kung'aa, ndipo yakakubali kukunjwa bila kupasuka. Mayai aliyafuta moja moja kwa kitambaa, na yai lenye ufa, hata ukiwa mwembamba kama unywele, lilitolewa tukapewa sisi watoto tulale nalo tumboni. Mkate aliuoka ndani ya sufuria, moto chini na makaa yamepaliwa juu ya kifuniko, akaukata vipande, akaviegesha kando ya meko mpaka vikawa vikavu kama kigae. Lakini chapati ndizo zilizomweka macho. Hakupata kuzifunga zikiwa moto, kwa kuwa mvuke ukikosa njia hugeuka maji na maji hugeuka ukungu. Wala hakuziacha zipoe kabisa, kwa kuwa iliyopoa wazi hukauka ikawa ngozi ya ngoma. Palikuwa na wakati baina ya nyakati mbili hizo, naye aliutambua kwa kuweka mgongo wa mkono juu ya chapati ya kwanza, akatulia kimya, halafu akasema neno moja tu: "Sasa." Kitambaa kikafungwa. Mimi nimejaribu mara nyingi katika utu uzima wangu kuukamata wakati ule kwa mgongo wa mkono wangu, na mara nyingi nimewahi, au nimechelewa.

Pembeni mwa kikapu palikuwa na bahasha ya karatasi iliyotiwa yai moja, chapati moja na ndimu, nasi tulijua kuwa hatuna ruhusa ya kuigusa. Lilikuwa fungu la mgeni. Katika safari ya mwaka 1968 fungu hilo lilimwangukia askari kijana wa kambi ya Lanet aliyekaa mkabala nasi katika daraja la tatu, ambaye tangu Nairobi hakuwa ametia kitu kinywani na aliona haya kuangalia wanaokula. Nyanya hakumwuliza kama ana njaa, kwa kuwa swali hilo humvunjia mtu heshima, alimwambia, "Mwanangu, nipunguzie mzigo huu." Akala. Tulipowasili Mombasa kijana yule alibeba mizigo yetu yote mpaka nje ya stesheni, pamoja na gunia la viazi, wala hakukubali hamali atukaribie. Ukitaka kuiita hiyo iktisadi, iite. Nyanya hakuihesabu hivyo, lakini nyumbani tulijua kwamba senti za hamali zilirudi Lanet zikiwa zimefungwa katika pindo la kanga yake kama zilivyoondoka.

Na lile gunia la viazi lilikuwa malipo ya malazi kabla hayajadaiwa. Hakuna aliyelala kwa kukodi chumba. Tulifikia kwa dada yake, na mtu hafikii kwa watu mikono mitupu. Viazi na vitunguu vya bara viliteremka. Nazi, achari ya maembe na halua zikapanda. Wali wa nazi hakuuchukua kurudi nao hata siku moja, ijapokuwa tulilia, kwa sababu tui halivumilii safari.

Nchi hii ilikuwa ikijua hesabu hizi zamani kabla ya reli kufika Nakuru mwaka 1900. Misafara ya watu wa pwani iliyopita Naivasha ikielekea ziwa la Baringo ilipimiwa posho kwa kibaba, na desturi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku. Na kiongozi asiyejua ni vibaba vingapi vimebaki mpaka kwenye mashamba ya Wanjemsi, waliolima kwa maji ya mifereji wakawauzia wasafiri nafaka, aliwaua watu wake kwa ujinga wa hesabu. Neno posho bado liko nasi, limeandikwa juu ya milango ya vinu vya unga, na watu huingia na kutoka chini yake bila kukumbuka migongo iliyolibeba.

Sasa tazama tusafirivyo. Mwaka jana nilipanda basi la masafa ambalo lilisimama mahali pasipo na chaguo, na abiria wote tukamwagwa mlangoni mwa nyumba moja ya chakula, ambapo sahani ya chipsi baridi iliuzwa kwa bei ambayo mjini ingelisha watu watatu. Tulilipa. Mama mmoja mwenye watoto wawili alinunua sahani moja, akakaa anawatazama wanavyokula. Sote tulikuwa karibu naye, na katika mizigo ile yote hapakuwa na bahasha moja ya mgeni, hata ndani ya mfuko wangu mimi niliyelelewa na nyanya yule. Na haya niliyoiona siku ile sijaimaliza. Fedha iliyopotea ni msiba mdogo. Kubwa zaidi ni kwamba mtu asiyekuwa na chakula chake hana pia cha kumpa mwenzake, na behewa zima la watu wa namna hiyo hufika mwisho wa safari kama lilivyoanza, wageni watupu.

Mwezi wa nne mwanangu alikuwa anakwenda Mombasa kwa kazi, atashuka Nairobi, apande treni ya reli mpya ambayo tangu mwaka 2017 humfikisha mtu pwani kwa saa kama sita hivi. Nilikesha. Nilichemsha viazi bila chumvi, nikafuta mayai, nikapalia makaa juu ya sufuria, nikaweka mgongo wa mkono juu ya chapati ya kwanza nikangoja, na safari hii nadhani niliupata wakati. Kikapu ni kile kile cha ukindu cha nyanya, nilichokitoa vitunguu nikakifuta. Alfajiri alinibusu mkono, akaniaga kwa adabu, akatoka; na kulipopambazuka nikakikuta kikapu mezani, kitambaa chake hakijafunuliwa.

Sikumpigia simu. Saa ambayo angekuwa Naivasha nilikula viazi. Adhuhuri nilikula chapati, nazo zilikuwa laini. Usiku, alipokuwa amekwisha kuniarifu kwamba amefika salama na amekula hotelini, nilimenya yai. Asubuhi ya pili, nimeketi mlangoni kwangu Lanet, nilifika kwenye mkate wa chini, nikauchovya katika chai; na bahasha ya mgeni nikaiacha palepale pembeni, nikitazama njia.